Shangazi alikataa kununua kwenye tovuti niliyoijenga mwenyewe

FundiKurasa (mwanzisha uzi), Jumapili, saa 2:40 usiku

Wadau, nina kisa. Ni kirefu, aliye na haraka apite.

Kazi yangu ni kujenga tovuti, mwaka wa tisa sasa, ofisi ni chumba kimoja hapo Ngara, Nairobi. Mwaka huu duka moja la katikati ya mji lilinipa kazi. Wanauza viatu vya watu ambao miguu huvimba, soksi za kubana, mikongojo, viti vya kuogea, miwani ya kusomea. Wateja wao wengi wamevuka miaka 60. Nikawatengenezea kitu kizuri. Mnielewe, kilikuwa kizuri kweli: rangi ya kijivu laini, herufi nyembamba, picha kubwa zinazopishana huko juu. Mwenye duka alifurahi, nikalipwa, nikasahau.

Miezi minne baadaye akanipigia. Watu wanaingia, wanazunguka, wanatoka. Hawanunui. Yeye alidhani tatizo ni matangazo, na mimi nilimwachia adhani hivyo.

Jana nikaenda Buruburu kumsalimia shangazi. Alizaliwa 1957, na hadi alipostaafu alikuwa karani wa kupiga taipu serikalini. Huyo mama anapiga chapa bila kutazama vidole, haraka kuniliko. Jioni miguu yake hufura. Nikamwambia, "Shangazi, jichagulie viatu hapa, pesa nitakurudishia." Nikaketi kando yake na kujikataza kusema lolote. Hapo pa kunyamaza ndipo palinishinda nguvu.

Kwanza aliishika simu mbali, mkono umenyooka kama anayejipiga picha. Akaanza kusoma maneno yaliyokuwa juu ya picha. Kabla hajafika katikati ya sentensi, picha ikaondoka, ikaja nyingine. "Aa! Nimeharibu nini?" Hakuwa ameharibu kitu. Mimi ndiye niliyeziamuru zibadilike kila baada ya sekunde 3.

Kisha likaja gurudumu, lile la kuzungusha ili upate punguzo. Likafunika skrini nzima: UMEBAHATIKA! ZIMEBAKI DAKIKA 4! Shangazi akaitupa simu kwenye kochi. Si utani, aliitupa. "Hawa ni wale wezi." Mwaka juzi alipigiwa simu akaambiwa ameshinda zawadi, na alipokuja kushtuka, pesa za chama alizokuwa amekabidhiwa azitunze zilikuwa zimekwenda.

Nikamsihi, akaendelea. Akaona kiatu, akakipenda. Kitufe kilisema "Weka kikapuni". Akaniuliza, "Na kikapu ni pesa ngapi?" Nilicheka, halafu nikaona sina cha kuchekea. Kwake kikapu ni kikapu. Akakibonyeza kitufe kama mtu anayebonyeza kengele ya lango, kidole kimekaa hapo hapo. Simu ikafikiri anataka kunakili kiungo, ikamletea menyu nyingine kabisa.

Fomu sasa. Iliuliza jimbo. Jimbo gani, sisi tuna kaunti? Mahali pa anwani akaandika S.L.P. yake vizuri, na msimbo wa posta, jinsi alivyopiga kwenye barua za serikali miaka yote hiyo. Fomu ikakataa, inataka jina la barabara na nambari ya nyumba. Ikakataa na nambari ya simu kwa sababu aliacha nafasi baada ya tarakimu nne, na ilipokataa ikafuta kila kitu alichokuwa amejaza. Halafu tarehe ya kuzaliwa: kalenda ilifunguka mwezi huu, na kishale cha kurudi nyuma hurudi mwezi mmoja mmoja. Pigeni hesabu wenyewe. Miaka 60 mara miezi 12 ni mibonyezo 720, na bado hajafika alikozaliwa.

Hilo nilimsaidia, nikamwekea. Akafika kwenye malipo. Ule ujumbe wa M-Pesa ukaruka kwenye skrini ukitaka nambari ya siri, na jina la mpokeaji halikuwa jina la duka. Ni kampuni ya mwenye duka, aliyoiandikisha zamani kwa biashara nyingine. Shangazi akabonyeza kukataa bila hata kunitazama.

Kisha akaniuliza swali ambalo limenikosesha usingizi: "Hawa watu wako wapi? Nikishuka steji ya Kencom, natembea kwenda wapi?"

Nambari ya simu na mahali duka lilipo nilikuwa nimeviweka mwisho kabisa wa ukurasa, kwa kijivu juu ya kijivu. Mwenye duka alikuwa ameniambia hataki simu nyingi.

Saa nzima nusura iishe. Hakununua. Na kila kilichomkwamisha nilikiweka mimi.

KijanaMjanja254

Pole ndugu, lakini ukweli usemwe. Wazee si watu wa kununua mtandaoni. Waache waende dukani, wewe lenga vijana wenye pesa.

Mwalimu_Mstaafu

Kijana, nina miaka 72 na ninakujibu kwa simu yangu mwenyewe, sikuandikiwa na mjukuu.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007 nilikuwa bado nashika chaki hapa Eastlands. Nimelipa karo kwa simu, stima, maji, harambee za harusi na za matanga. Sasa niambie, mgeni wa pesa za simu ni mimi au ni wewe? Pengine wakati huo wewe ulikuwa unavalishwa sweta.

Kuhusu pesa. Sensa ya 2019 ilitukuta watu wapatao milioni 2.7 tuliovuka miaka 60. Kweli wengine wetu wanangojea zile 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali, kila mwezi, na hao usiwauzie kiatu cha 7,000. Lakini hebu uliza nyumba unayopanga ni ya nani. Nenda ukamtazame anayekuja kuchukua kodi.

FundiKurasa, swali la shangazi yako ndilo langu. Mimi nikiona tovuti isiyo na nambari ya simu, nafunga. Hainihusu ina picha nzuri namna gani. Tapeli naye ana picha nzuri. Ninataka kujua kiatu kikinibana nitamrudishia nani, mlango gani, ghorofa ya ngapi.

Jambo la pili, na hili naomba mlishike: msiniandikie "viatu vya wazee". Kuitwa mzee nakubali, ni heshima, hata makanga wa miaka 20 ananiita hivyo akinipisha kiti. Lakini sinunui kiatu cha mzee. Nanunua kiatu kisichonibana.

Nyambura_K

Hiyo ya mwisho, Mwalimu! Mamangu alirudisha simu tuliyomnunulia kwa sababu sanduku lilikuwa na picha ya bibi mwenye mkongojo. Simu yenyewe aliipenda. Sanduku ndilo lililomkera.

WakalaUmoja

Mimi nina duka la M-Pesa, na nusu ya siku yangu ni "kijana, hebu nisaidie hapa." Niwaambie simu wanazoniletea, kwa sababu nyinyi wajenzi mnajaribia kazi zenu kwenye simu mpya.

Nyingi ni simu za kurithi. Mtoto amenunua nyingine, ile ya zamani akampa mzazi, kioo kina ufa, betri inaisha saa sita mchana. Kumbukumbu imejaa picha za "asubuhi njema" kutoka kwa kikundi cha kanisa kwenye WhatsApp, yule mama hazifuti kwa sababu zina aya za Biblia, ataziachaje? Ukurasa wako mzito hapo haufunguki. Na bando ikiisha katikati, anadhani pesa zimeliwa.

Wengine wanatembea na simu mbili: mulika mwizi, ile ndogo ya vitufe, ya kupokea na M-Pesa, na ile ya kioo ya picha za wajukuu. Kwa hivyo ujumbe wa malipo unatua kwenye simu ambayo iko chini ya mkoba, na yeye anaendelea kutazama ile nyingine akingoja. Ukichelewa kuujibu, unapotea.

Ah, na herufi. Wengi nimewakuzia herufi kwenye simu, kwa sababu ndiyo shida ya kwanza wanayoniambia. Basi ukizikuza, tovuti nyingi za huku kwetu zinavunjika. Maneno yanapandiana, na kitufe cha kununua kinatoka nje ya skrini. Mzee ananiambia "hawa hawauzi." Kitufe kipo, mumekisukumia Kayole!

MsimboTu

@WakalaUmoja umeniua na Kayole.

Fundi, mengi uliyoyataja yana dawa iliyoandikwa zamani. W3C ni shirika linaloweka viwango vya wavuti, na mwongozo wao, WCAG, unasema herufi zistahimili kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza kitu. Unasema pia kitu kinachojisogeza chenyewe zaidi ya sekunde 5 kiwe na namna ya kukisimamisha. Toleo la 2.2 la Oktoba 2023 limeweka ukubwa wa chini wa mahali pa kubonyeza, pikseli 24 kwa 24. Kwangu hizo ni kidogo mno, mimi huanzia 44. Na kati ya 2007 na 2010 W3C hao hao walikuwa na mradi wa kuchunguza mahitaji ya wazee kwenye wavuti, wakakuta kwamba sehemu kubwa tayari imo kwenye miongozo iliyotungwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Hatukosi elimu. Hatusomi tu.

Tarehe ya kuzaliwa: visanduku vitatu, mtu aandike nambari. Karani wa taipu angekumalizia hapo kwa sekunde mbili. Nambari ya simu: ondoa nafasi wewe mwenyewe kwenye msimbo wa tovuti, ukubali 07, 01, na +254. Ni mstari mmoja! Kosa likitokea, usifute fomu. Kufuta fomu ya mtu ni utovu wa adabu.

Lakini swali langu ni moja. Kuuza kiatu, tarehe ya kuzaliwa ni ya nini?

FundiKurasa

Ya kumtumia salamu za siku ya kuzaliwa pamoja na punguzo. Lilikuwa wazo la mwenye duka. Najua, najua.

Sista_wa_Macho

Nafanya kazi kliniki ya macho, si mtaalamu wa mitandao, ila rangi ya kijivu imenigusa.

Lenzi ya jicho hupoteza mnyumbuko pole pole, na kuanzia miaka ya arobaini mtu huanza kusogeza gazeti mbali. Huo mkono ulionyooka wa shangazi ni huo. Mboni nayo huwa ndogo na haifunguki kama zamani. Jicho la miaka 60 hupata takriban theluthi tu ya mwanga unaoingia jicho la miaka 20. Kwa hiyo kijivu chako juu ya nyeupe, ambacho wewe unakiona kama ukungu mzuri wa Limuru, yeye anaona ukungu tu. Lenzi pia huenda ikiwa na umanjano, ndiyo maana samawati iliyokolea na nyeusi humchanganya. Hapo bado sijagusa mtoto wa jicho.

Wagonjwa wangu hawasemi "sioni." Wanasema "simu yangu imeharibika" au "hii kitu ni ya watoto." Watu huona aibu kwa macho yao. Mtu akikuambia tovuti ni ngumu, muulize kwanza kama anaisoma.

Ukitaka kupima bila mashine, toka nje saa saba mchana, simama stejini juani, punguza mwanga wa simu nusu, usome. Ukishindwa wewe, basi.

MsimboTu

Kipimo chenyewe cha tofauti ya mwangaza ni 4.5 kwa 1 kati ya herufi na mandhari yake, kwa maandishi ya kawaida. Lakini jua la stejini nimelipenda zaidi.

TangazoLeo

Naona mnamsulubu fundi wa watu. Mimi ni wa matangazo, niseme upande wangu.

Moja, mtandaoni mnunuzi mara nyingi si mzee. Ni binti yake. Niliwahi kusimamia matangazo ya Facebook ya bidhaa kama hizi. Umri pale unaishia 65 na zaidi, wote kapu moja, wa 66 na wa 88, utawapangaje? Nilipoelekeza kwa watu wa miaka 35 hadi 50 ndipo simu zilianza kulia: "Namtafutia baba." Kwa hiyo ukurasa mmoja unasomwa na watu wawili. Binti anataka bei na siku ya kuletewa. Baba anataka kujua hatadharauliwa.

Mbili, gurudumu na saa ya kuhesabu nyuma vinafanya kazi. Mnaweza kuvichukia, lakini vinakusanya nambari za simu, na nambari ndiyo mali.

Mwalimu_Mstaafu

TangazoLeo, sikiliza mwanangu. Aliyenipigia kuniibia aliniambia nini? "Fanya haraka mzee, nafasi inafungwa." Saa yako inaniambia nini? Fanya haraka, nafasi inafungwa. Nimeibiwa mara moja kwa sentensi hiyo. Unataka niipende ikija na rangi?

WakalaUmoja

Hapo ndipo penyewe. Kanisani, kwenye chama, kwa watoto wao, wazee wanafundishwa neno moja: ukiharakishwa, kata simu. Ukiambiwa umeshinda, kata. Ukiombwa nambari ya siri bila kutarajia, kata. Nami huwafundisha hivyo hivyo kila siku. Sasa ukiangalia tovuti ya Fundi, imemharakisha, imemwambia amebahatika, imemwomba nambari ya siri kwa jina asilolijua. Shangazi hakushindwa kutumia tovuti. Shangazi alifaulu mtihani.

FundiKurasa

Nimeisoma hii mara tatu.

Otieno_Sheria

Na zile nambari za simu "mali", TangazoLeo, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Unakusanya kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyomweleza mtu, na kumtumia matangazo unahitaji idhini yake. Kuzungusha gurudumu ili kuona punguzo si idhini ya kutumiwa meseji hadi Krismasi. Kamishna wa data yupo na malalamiko yanapokelewa. Mtu akiandika "acha" muondoe, usimtafutie sababu.

TangazoLeo

Sawa, la sheria nimelisikia. Lakini mwambieni mwenye duka aliyezoea nambari zipande kila Jumatatu.

Shiru_wa_Rongai

Nafuatilia. Babangu huandika kila nambari ya siri kwenye kalenda ya ukutani, ile ya benki, kila mgeni anaiona. Msimlazimishe kufungua akaunti ili kununua soksi, tafadhali. Ukuta umejaa.

Mwalimu_Mstaafu

Shiru, nami ninayo kalenda hiyo. Usitucheke.

FundiKurasa, wiki tatu baadaye

Wadau, narudi kama nilivyoahidi kwenye inboksi.

Gurudumu limeenda, na saa imeenda nalo. Kwa hili tuligombana na mwenye duka siku mbili, hadi nikamwambia aje Buruburu atazame mwenyewe. Hakuja, lakini alikubali. Picha za juu imebaki moja, ya mlango wa duka, jinsi unavyouona ukiwa umesimama kando ya barabara, pamoja na jengo la jirani ili mtu asipotee. Chini yake maelezo ya kutembea kutoka Kencom, na lifti, kwa sababu wako ghorofa ya pili. Nambari ya simu iko juu kabisa, kubwa, ukiigusa inapiga. Kijivu nimekizika.

"Weka kikapuni" sasa ni "Nunua hiki". Neno "wazee" halipo popote. Anwani ni sanduku moja lenye maneno "Tukuletee wapi? Mfano: karibu na kanisa gani, geti ya rangi gani." Watu wanaandika mpaka jina la mbwa. Bodaboda wanasema hawajawahi kupata maelezo mazuri hivyo.

Malipo yalinisumbua zaidi. Ule ujumbe wa kuruka nimeuacha kwa anayeutaka, lakini kabla haujaja kuna sentensi inayosema utaona jina fulani, ndiyo kampuni yetu, na ukiona jina jingine usilipe. Pembeni kuna nambari ya Till, ile ya kulipia dukani, kwa anayependa kwenda kwenye menyu ya M-Pesa mwenyewe kwa mwendo wake. Na kuna kulipa ukiletewa, baada ya kuvijaribu. Mwenye duka aliogopa hilo. Hadi leo bado analiogopa, na sina cha kumwambia, hatari ni yake.

Mimi nilidhani sasa watabonyeza. Wapi! Wanapiga simu. Wanaisoma tovuti, wanachagua, wanaandika ukubwa kwenye karatasi, halafu wanapiga kuuliza kama duka ni la kweli. Yule msichana wa kupokea simu ameambiwa habari za magoti, za wajukuu walioko Marekani, za daktari aliyesema hivi na hivi. Mwisho wanaagiza. Mwenye duka analalamika simu hazikatiki, na mauzo yanapitia kwa msichana badala ya tovuti, eti nilipwe kwa lipi. Nimemwambia ajaribu kuizima tovuti wiki moja aone kama simu italia. Hajaizima.

MsimboTu

Na shangazi?

FundiKurasa

Leo asubuhi nilikuwa pale dukani, msichana ametoka kununua chai, simu ikalia, nikapokea. Ni yeye, hakunitambua sauti. Anataka vile viatu, lakini anauliza kama vipo vya rangi ya kahawia. Nikamwambia mama, rangi zote ziko kwenye tovuti, ziangalie tu hapo chini ya picha.

Akasema, "Nimeziona. Lakini si wewe ndiye umepokea simu?"